Mbegu Niliyosema Ipikwe

Nilipokuwa afisa ugani wa kilimo kijijini Nangwa, nilimpelekea mama mmoja mjane mbegu mpya ya maharage inayokomaa mapema. Alikuwa na mbegu yake ya zamani, nyeusi yenye madoa, aliyoachiwa na mama mkwe wake. Nikamwambia aipike yote, isije ikachanganyika na mpya shambani. Akaipika siku hiyohiyo, akanipakulia na mimi.

Miaka ikapita. Watafiti wakaanza kutafuta mbegu za asili zinazovumilia ukame, nami nikatumwa kuzikusanya. Nilimkumbuka yule mama, nikaenda moja kwa moja kwake.

"Shikamoo, mama. Yale maharage yenu meusi bado yapo?"

"Marahaba. Si ulisema tuyapike? Tulikula pamoja hapa, mwanangu."

Hakuwa na hasira. Afadhali angenikasirikia.

Nilizunguka Nangwa nzima, kisha sokoni Katesh. Kila niliyemuuliza aliyakumbuka, ila hakuna aliyekuwa nayo. Wengine waliniambia waliyapika mwaka ule nilipopita kwao.

Mpaka sasa, nikisimama mbele ya wakulima kuwaeleza habari za mbegu mpya, sauti ya yule mama hunijia: "Si ulisema tuyapike?"