Viazi vya Dobi Havikuwa vya Kula

Katika miaka ishirini na sita aliyofua mashuka ya hospitali, hakuna aliyewahi kumsikia Dobi akipaza sauti. Alilaumiwa kwa foronya zilizopotezwa na wengine, akanyamaza. Kwa hiyo alasiri ile aliposimama uani kwa kaka yake na kufoka hadi mishipa ya shingo ikamsimama, majirani walidhani kuna msiba.

"Wifi! Viko wapi viazi vyangu?"

Mke wa kaka yake alitoka jikoni akijifuta mikono. "Vile vya kwenye sanduku la mchanga? Nilitaka sanduku niwekee mkaa. Viazi nimempa fundi viatu. Miezi miwili vimelala tu, hupiki wala hugawi. Uchoyo gani huo, wifi?"

"Nani alikwambia vinapikwa?"

"Kwani kazi ya kiazi ni nini, kuvaliwa?"

Siku nyingine Dobi angecheka. Siku hiyo alihisi damu ikimchemka hadi masikioni. Vilikuwa viazi kumi na tisa, vyembamba, vilivyopinda kama vidole viwili vilivyoungana, na vyote vilikuwa uzao wa kiazi kimoja alichopewa na mtunza bustani wa hospitali siku ya kustaafu. Cha kwanza kabisa, alichopewa kabla ya hapo, alikuwa amekiua mwenyewe: alikishika kwa nguvu kama muhogo, pua yake, ile ncha inayochipua, ikakatika, naye akamwagilia udongo mtupu kwa miezi mitatu kabla hajajua kwamba pua ikikatika, kiazi hakichipui tena. Alipopewa hiki cha pili akakilaza taratibu, vidole vinne chini ya udongo wa kichanga. Kikatoa shina, na kila jani likajiviringisha kwa ncha yake kwenye kamba hadi shina likafika juu ya ukuta. Maua yakafunguka, petali zikitazama juu, nyekundu zenye kingo za manjano, kama moto uliowashwa na mtu mwenye furaha.

Na mmea huo, kuanzia ua hadi kiazi, ni sumu. Dobi alilijua hilo. Ndiyo maana alivaa glavu kila alipoushika, na alipoulizwa alijibu kwamba ngozi yake ni laini.

Magoti yake mabovu hayakumzuia kukimbia. Alimkuta fundi kibandani, kiatu kikiwa katikati ya mapaja, misumari mdomoni.

"Fundi, vile viazi umevila?"

Fundi akatema misumari kiganjani. "Salamu kwanza, dada yangu."

"Umevila?"

"Nilimenya kimoja, nikatafuna kipande kibichi. Kichungu! Nikatema, ingawa kidogo kilishapita. Wifi yako ana zawadi za ajabu."

"Lini?"

"Sasa hivi tu, kabla ya kiatu hiki."

"Inuka twende hospitali."

"Nina kiatu cha mtu hapa."

"Mwenye kiatu atatembea peku. Inuka!"

Alimburuta kwa mkono njia nzima, akimlaani wifi yake kwa kila hatua: mwanamke asiyejua mipaka, mwenye kufungua visanduku vya watu, mwenye ukarimu wa mali isiyo yake! Fundi, ambaye bado hakuwa akiumwa popote, alianza kuogopa kwa sababu ya uso wa Dobi tu.

Muuguzi alikitazama kiazi kimoja alichokileta Dobi kimefungwa kitambaani, akamwita daktari, na fundi akalazwa. "Sumu hii haina haraka," muuguzi alisema. "Atakaa chini ya uangalizi hadi kesho. Mama, aliyempa hakujua?"

"Hakujua."

"Pale nyumbani nani alijua?"

Dobi alifungua kinywa ili amalizie laana alizokuja nazo. "Mimi," alisema.

"Na nani mwingine?"

"Hakuna," Dobi alisema. Alikuwa ameogopa kwamba kaka yake, aliyempa chumba na ukuta mmoja wa kupandia, akisikia neno sumu atang'oa kila kitu. Basi kwa miaka minne aliwaambia ni maua tu.

Kesho yake adhuhuri daktari alimruhusu fundi, mzima, akilalamika kuhusu uji. Dobi alirudi nyumbani akiwa hajalala. Wifi yake alimngoja langoni, macho yamevimba.

"Wifi, haki ningejua..."

"Ungeuliza!"

"Nawe ungesema!"

Hasira ya Dobi haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na mahali pawili pa kwenda. Akamwita kaka yake, akawaeleza wote wawili kila kitu, bila kujitetea.

"Basi mmea huo haurudi tena ukutani kwangu," kaka yake alisema.

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Dobi alienda kibandani kwa fundi, akachukua gunia na kuvikagua viazi kimoja kimoja. Wifi alikuwa amevimimina humo kama kokoto, pua zikakatika. Vinne tu vilibaki na pua. Akavitia kwenye ndoo yenye kifuniko, akaandika SUMU kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni, kisha, kwa kuwa hakutaka kukaa pasipo na mmea wake, akaanza kufungasha nguo zake.

Hakumwomba radhi wifi yake siku hiyo, wala wifi hakumwomba yeye. Lakini jioni wifi aliingia bila kuitwa, akaanza kumkunjia mashuka, akiyakunja vibaya.

"Si hivyo," Dobi alisema kwa ukali, akamnyang'anya. "Shika ncha ile."