Mistari Mbele ya Wakwe

Baba yangu ni mkulima wa kijiji cha Petta. Kabla ya ugonjwa wa Parkinson alitembea haraka mno, hata mama akawa anamuuliza nani kamwita.

Madaktari wa Nairobi walimpitishia waya mbili nyembamba hadi ndani ya ubongo, na betri ya kuzitia umeme wakaiweka chini ya ngozi ya kifua. Mikono iliyokuwa ikimwaga chai ikatulia. Miguu, walituonya mapema, huenda isifuate. Na kweli, kila akifika mlangoni nyayo ziligoma, kama zimegandishwa sakafuni. Ila shambani, kwenye mistari ya mahindi, alivuka mmoja baada ya mwingine bila fimbo. Tuliliona hilo msimu mzima, tukacheka tu.

Kisha wakwe wakaja kutoka Busia kunichumbia. Kwetu baba huwapokea mwenyewe langoni. Akishindwa, ndugu yake huenda badala yake, na maneno hayaishi kijijini. Baba alikuwa ameapa hakuna atakayekwenda kwa niaba yake.

Mimi, kwa ujuaji wangu, niliufagia uwanja alfajiri, nikausawazisha hadi usione hata alama ya kuku. Nikajisifu. Wageni walipofika, baba akasimama kizingitini, akaganda. Mbele yake palikuwa tambarare tupu, hana pa kulenga mguu. Baba mdogo akaanza kufunga vifungo vya koti, na nilimchukia papo hapo. Nikamshika baba mkono nimvute.

"Wacha mkono yangu," akasema polepole. "Leta jembe. Piga laini kama ya mahindi."

Wazee wa Busia wakitazama, niliinama na gauni langu jipya, nikaukatakata uwanja wangu kwa mistari, kutoka mlangoni hadi langoni. Mwenye kuona aibu na aone. Vumbi liliniingia hadi kwenye nywele nilizosukwa siku nzima.

Baba akainua mguu wa kulia, akavuka mstari wa kwanza. Akavuka wa pili. Mama aliweka sinia la vikombe chini akatazama. Hakuna aliyemshika, hadi akafika.

Akampa baba mkwe wangu mkono uliotulia. Yule mzee akauliza mistari ile ni mila gani, maana kwao Busia hawajaiona.

"Hiyo ni ya hapa kwangu," baba akamjibu, akanigeukia nikiwa bado na jembe. "Na huyu ndiye mnataka kunichukulia."