Macho Niliyomfungulia Mama Leokadia

Ninachokusimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa sijaonja pombe wala sina homa. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana huko mbele hutapata nafasi.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha pale Mpanda mjini, nyuma ya duka la vitenge. Chumba cha mbele nilipigia picha, cha nyuma kilikuwa chumba cha giza: dirisha limezibwa kwa blanketi, taa nyekundu, beseni tatu za dawa, kamba ya kuanikia. Komeo lilikuwa kwa ndani. Mtaa mzima ulijua sheria yangu: fundi akiwa gizani mlango hausukumwi, kwa sababu mwanga ukiingia karatasi zote zinaungua.

Sifa yangu ilikuwa kurekebisha sura. Chunusi nilifuta, kovu nilifuta, bibi harusi aliyepepesa nilimfungua macho. Mzee Zakaria, aliyenifundisha kazi, alikuwa na amri moja tu: "Rekebisha kwenye karatasi. Karatasi ikiharibika utasafisha nyingine. Negativu, filamu yenyewe, iache ilivyozaliwa." Nilimwitikia ndiyo mzee, na kwa miaka mingi nilimtii. Mpaka alipofika Baba Leokadia.

Huyu bwana alikuwa wa Usevya. Mkewe aliugua siku tatu tu akafariki, nami nikaitwa kupiga picha za msiba, kama ilivyo kawaida yetu: jeneza limefunuliwa, ndugu wamesimama pembeni kabla ya kwenda makaburini. Nikapiga na uso wa marehemu peke yake, kwa karibu. Gauni jeupe, pamba puani, macho yamefumbwa, ametulia kabisa.

Wiki mbili baadaye Baba Leokadia akaja studio, amekonda.

"Fundi, mke wangu hakuwahi kupigwa picha. Hiyo yako ndiyo pekee. Leokadia ana miaka mitano, atamsahau mama yake. Naomba umfungue macho, nimtundike ukutani kama mtu aliye hai."

Alitaka tatu: yake, ya mama mkwe wake, na ya shemeji yake aliyekuwa anaondoka kwenda Chunya kuchimba dhahabu.

Wewe ungekataa? Nilimwonea huruma, kweli. Lakini nisikudanganye, kichwa nacho kilishavimba kwa sifa, na juu ya hapo nilikuwa mvivu. Picha tatu kwenye karatasi ni kuchora macho mara tatu. Nikiyafungua kwenye negativu, nimefungua mara moja. Huko cheupe hutoka cheusi na cheusi hutoka cheupe, hivyo nilipaka penseli kwenye kope ili picha itoe weupe wa jicho, kisha kwa ncha ya wembe nikakwangua mboni mbili. Pamba nazo nikazikwangua. Kwenye jicho la kulia wembe ukateleza, ukaacha mkwaruzo mwembamba kama unywele, kutoka kwenye mboni mpaka pembeni ya pua. Nikajisemea, nani ataona?

Baba Leokadia alilia alipozipokea. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikijiona fundi wa mafundi.

Ukapita kama mwezi. Siku hiyo ilikuwa saa saba mchana, nje jua linachoma, mimi niko gizani nasafisha picha za vitambulisho vya wanafunzi. Nikasikia sauti ya mwanamke, ya chini.

"Hodi, fundi."

"Subiri hapo nje," nikasema bila kugeuka. "Usisukume mlango, utaniunguzia karatasi."

"Siko nje."

Niamini, sauti hiyo ilitoka nyuma ya shingo yangu. Nilitazama komeo: limefungwa. Nikasikia harufu ya udongo uliolowa, na huo ulikuwa mwezi wa tisa, Mpanda nzima ni vumbi. Niligeuka kwa sababu kutogeuka kulikuwa kunatisha zaidi.

Alisimama chini ya kamba ya picha, na lile gauni lake jeupe limekuwa jekundu kwa taa yangu. Pamba zilikuwa puani, zile zile nilizozifuta. Lakini macho, ndugu yangu! Yale macho nilikuwa nimeyachora mimi, ningeyatambua popote: makavu, hayapepesi, mboni moja kubwa kuliko mwenzake, na kwenye jicho la kulia ule mkwaruzo wa wembe.

"Fundi, nifumbe," akasema.

Nikarudi nyuma mpaka nikagonga ukuta.

"Nilikuwa nimelala. Sasa naona udongo. Mchana naona udongo, usiku naona udongo. Nifumbe nilale."

Alisema kwa upole, kama mteja asiyetaka kumsumbua fundi, na upole huo ndio ulionimaliza. Akanyoosha mkono. Komeo nililifunguaje, sijui. Nilijikuta katikati ya barabara na kiatu kimoja, wateja wa vitenge wananikodolea macho. Karatasi zote ziliungua.

Nilijaribu kumfumba, Mungu ni shahidi. Siku tatu nilikaa uani juani na penseli, maana gizani sikuthubutu kuingia. Lakini palipokwanguliwa hapana tena kitu cha kurekebisha. Kila nilipoinua negativu kwenye jua, mboni zile ziliniangalia. Ndipo amri ya Mzee Zakaria ikaniingia, na nilikuwa nimechelewa.

Siku ya nne nikadandia lori lililokuwa linafuata mpunga Usevya, negativu mfukoni. Baba Leokadia hata hakuniuliza nimefuata nini. Alinipeleka ndani, akanionyesha binti yake amekaa kitandani, macho mekundu, anaitazama picha ukutani.

"Hataki kulala," akasema. "Anasema mama halali, naye anamsubiri walale pamoja."

Nikamweleza yote. Nilidhani atanipiga, na ningekubali. Badala yake aliishusha picha, akaikumbatia kifuani muda mrefu. Hakuwa na sura nyingine ya mkewe, na hangepata nyingine. Mwishowe akasema, "Afadhali sisi tusimwone, yeye alale."

Tukapita kwa mama mkwe kuchukua ya pili. Tukachimba pembeni ya kaburi, tukazika picha mbili pamoja na negativu. Usiku ule Leokadia alilala mpaka jua likapanda.

Na ya tatu? Shemeji alishaondoka nayo. Tuliandika barua, tukatuma watu Chunya. Wengine walisema amehamia Geita, wengine walisema alifia shimoni na vitu vyake wakagawana wenzake. Picha haikuonekana.

Kazi hiyo niliiacha. Juzi binti wa dada yangu, ambaye ana studio ya kompyuta, alinionyesha programu yao ya kurekebisha picha. Inafungua faili ghafi, jinsi kamera ilivyolizaa; anafuta, anang'arisha, anafungua macho ya watu, na faili lenyewe haliguswi. Akikosea anarudi mwanzo.

"Mjomba, mbona unalia?" akaniuliza. Nikafuta machozi nikatoka nje.

Nilikuwa nalia maana Mama Leokadia bado anakuja. Si mara nyingi, pengine mara moja kwa mwaka, mchana, nikiingia stoo au chumba kisicho na dirisha. Jicho la kushoto limefumbwa tangu tulipozika zile picha mbili. La kulia, lenye mkwaruzo, bado liko wazi, na linanitazama mimi.

Kwa hiyo nakuomba, angalia kuta za kwenu na albamu za wazee, hasa kama mlikuwa na ndugu machimboni. Ni picha nyeusi na nyeupe, uso wa mwanamke mwenye gauni jeupe, na mkwaruzo kama unywele kwenye jicho la kulia. Ukiiona usiikuze, usiirekebishe, na tafadhali sana usiipige kwa simu ukawatumia watu. Ifunike uso, uizike. Kuna mama anataka kulala.