Desibeli Kumi za Celina

Nianze na aibu yangu, nisije nikajifanya mtakatifu. Jumapili ile ya mwaka wa tisini na tano, Kathuri aliposimama mbele ya kanisa letu pale Mitunguu na kusema mjane wa kaka yangu ameiba amplifaya ya kanisa, mimi nilikuwa nimeketi benchi la nne. Nilijua ni uongo. Wiki mbili kabla nilimwona Celina kwa macho yangu akiipeleka ile amplifaya dukani kwa Kathuri na kumkabidhi mlangoni, ikiwa imetengenezwa na kufutwa vumbi. Na bado nilikaa, mikono juu ya Biblia, nikitazama viatu vyangu.

Celina aliambiwa asimame, akasimama. Kathuri alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maendeleo, na suti ya kijivu, na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Ilienda kwa huyu mama ikiwa mbovu," alisema, "na kwa huyu mama haijatoka." Kanisa zima liligeuka kumtazama. Hakuna aliyefungua mdomo. Kabla ya Krismasi amplifaya ile ile ilikuwa inapiga muziki kwenye hoteli ya Kathuri kule Nkubu, na sisi wote tuliokula nyama pale tuliisikia tukaendelea kutafuna.

Celina Wawira hakuwa mtu wa kuiba amplifaya. Alikuwa mtu wa kuiunda. Alizaliwa Karurumo, upande wa Embu, binti wa fundi cherehani, na akiwa darasa la sita alitandaza waya juu ya paa la mabati ili redio ya baba yake ishike stesheni ambazo hazikuwa zikishika. Walimu walimsukuma mbele, akasomea mambo ya redio Nairobi, akaajiriwa na serikali kutunza mitambo ya kurushia matangazo milimani. Miaka kumi na moja alipanda minara akiwa amevaa suruali ndani ya rinda. Kaka yangu Thuranira alimpendea hapo hapo, akamwoa, wakampata Kirimi. Kisha kaka akafa, serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akabaki Mitunguu akitengeneza redio za watu kibarazani.

Baada ya Jumapili ile hakuna aliyemletea hata tochi. Kikundi cha akina mama kilimfuta. Alifunga mita zake na chuma cha kuchomelea ndani ya blanketi, akamchukua Kirimi, akapanda hadi Kibirichia kwenye baridi, akakodi shamba la viazi. Mimi nilianza kumtembelea miaka sita baadaye. Alinikaribisha chai, na wala hakuniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo.

Sasa sikia. Mwaka wa 2004 Kathuri alikuwa ametajirika kwa ndizi, na akataka redio. Baada ya redio alitaka ubunge, na kura zake alizihesabia Mitunguu na vijiji vya jirani. Lakini kuomba masafa si kama kuomba kiti harusini. Fomu ina sehemu ya ufundi, na sehemu hiyo sharti ijazwe na kutiwa sahihi na mtu mwenye vyeti. Yake ilikuwa imerudishwa mara mbili kwa sababu mpwa wake alijaza kwa kubahatisha. Kila alikoulizia fundi wa kweli, aliambiwa jina moja.

Nilikuwepo alipokuja. Tulikuwa tunachimba viazi. Alishuka kwenye Prado, akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akaketi juu ya gunia.

"Mama Kirimi," alisema, "hiyo maneno ya kanisa tuwachane nayo. Ni shetani alituingilia."

Nilitaka kumtupia jembe. Celina alijifuta udongo mikononi.

"Leta hiyo fomu, mzee," alisema.

Alipoondoka nilimgombeza Celina mpaka nikapaliwa. Nilimwambia ana moyo wa kondoo. Yeye alicheka tu, akasema, "Kiende, ngoja."

Kwa siku tatu alizunguka kilima cha juu ya mji wa Meru ambapo Kathuri alinunua kipande cha ardhi cha kusimamisha mnara. Alipima mahali penyewe kwa digrii, dakika na sekunde. Aliandika kimo cha kilima kutoka usawa wa bahari, urefu wa mnara kutoka ardhini, aina ya mtambo na nguvu yake, urefu wa kebo na nguvu inayopotelea njiani kabla ya kufika kwenye antena. Aliambatisha barua ya watu wa ndege inayosema mnara hautawasumbua marubani. Hakudanganya tarakimu hata moja. Aliniambia fomu ya uongo ni rahisi kuvunja, na hakutaka hii ivunjike.

Mwisho wa fomu kulikuwa na jedwali la mistari thelathini na sita. Dunia yote inayouzunguka mnara inagawanywa vipande vya digrii kumi kumi, na kila kipande unaandika nguvu itapunguzwa kiasi gani upande huo. Upande wa kusini, kuelekea Embu, kulikuwa na stesheni nyingine kwenye masafa ya jirani, na sheria inataka usiiingilie. Kwa hiyo ilikuwa lazima kupunguza. Desibeli kumi zilitosha. Celina aliandika ishirini, kwenye mistari mitano, na Mitunguu iko katikati ya mistari hiyo.

Alinieleza akimenya kiazi. Desibeli kumi zinakuachia sehemu moja kwa kumi ya nguvu. Desibeli ishirini zinakuachia moja kwa mia, na Mitunguu iko chini, nyuma ya migongo ya vilima vya Imenti, mahali ambapo hata moja kwa kumi ingefika ikihema.

"Kumi ni za Embu," alisema. "Zile kumi zingine ni zangu."

Siku ya kutia sahihi alimpa Kathuri karatasi na kumwambia, mbele yangu, "Mzee, soma kwanza."

"Hiyo hesabu ni yenu mafundi. Wee niambie tu, Isiolo itafika?"

"Itafika."

"Na Maua?"

"Itafika vizuri sana."

"Basi leta kalamu."

Hakuuliza Mitunguu. Mtu haulizi kama atasikika nyumbani kwake. Nilibana meno nisicheke, na nakiri ilikuwa raha kuliko harusi yangu.

Leseni ilitoka jinsi ilivyoombwa. Wafungaji walining'iniza antena pande tatu za mnara na kuuacha upande wa kusini mtupu, na Kathuri, bahili yule, alifurahi kuwa antena ni chache. Siku ya ufunguzi alichinja ng'ombe wawili nyumbani Mitunguu. Mahema, viti vya kukodi, wazee mstari wa mbele, spika mbili kubwa kama makabati. Saa sita kamili mtangazaji alikuwa Meru mjini akimsifu bosi wake. Isiolo walisikia. Maua walisikia. Mitunguu tulisikia shhhhh. Kathuri alizungusha kitufe cha redio mpaka kikang'oka, na mzee mmoja akauliza kwa sauti kama hiyo ndiyo lugha ya redio mpya.

Alipoambiwa kisa cha upande mtupu, alinunua antena ya nne akaifunga kimyakimya. Stesheni ya upande wa Embu ikalalamika. Wakaguzi walipanda na vipimo vyao, wakalinganisha mnara na leseni, wakafunga mtambo kwa lakiri. Wiki tatu redio ilikuwa bubu. Ilifunguliwa antena iliposhushwa, na Kathuri akaambiwa kama anataka upande ule, aombe marekebisho kwa fomu mpya, yenye sahihi ya fundi yule yule na sababu zake.

Alirudi Kibirichia. Safari hii hakutafuta mahali pa kukaa.

"Umenimaliza, Mama Kirimi."

"Nilikwambia usome."

"Unataka nini? Sema. Nitakuomba msamaha kwa redio. Wiki mzima, asubuhi na jioni, kila mtu asikie."

Celina aliinua uso. Miaka tisa ya baridi na viazi ilikuwa kwenye uso ule, na nilimwogopa.

"Walioniona nikisimamishwa kama mwizi wako Mitunguu," alisema. "Redio yako haifiki Mitunguu. Itabidi uende na miguu yako."

Alipoondoka, nilimuuliza Celina swali lililonikereketa tangu siku ya ng'ombe wawili. Kathuri sawa, lakini sisi wengine wa Mitunguu tulikukosea nini hata tunyimwe redio?

Hakupandisha sauti. "Mlikaa," alisema, akarudi kwenye mtaro wake wa viazi. Sikulala vizuri wiki hiyo.

Jumapili Kathuri alisimama pale pale mbele ya kanisa. Celina aliingia akakaa nyuma kabisa, bahasha mapajani. Mwanzoni Kathuri alizungukazunguka: kulitokea makosa, kuna mambo hayakueleweka, tusameheane. Celina akasema kutoka nyuma, bila kuinuka, "Taja mwizi."

Kathuri alijipangusa shingo.

"Amplifaya nilichukua mimi," alisema. "Huyu mama alinirudishia ikiwa nzima. Nilimsingizia."

Hapo nilisimama. Nilisema nilimwona akiirudisha, na kwamba nilinyamaza, na kwamba naona haya. Nilikuwa nimechelewa miaka tisa, lakini nilisimama mpaka mwisho. Mama Kaari wa kikundi cha akina mama akasimama. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Celina hakulia wala hakutabasamu. Alituhesabu.

Baada ya ibada tulitoka nje, na Celina akatandaza fomu mpya juu ya boneti ya Prado, watu wote wakiwa wamezunguka. Kwenye ile mistari mitano alikuwa ameandika kumi. Za Embu zilibaki na zake alikuwa ameziondoa, na ndiyo maana mpaka leo redio ya Kathuri tunaipata na mkwaruzo kidogo. Kathuri alinyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Soma kwanza," alisema Celina. "Kwa sauti."

Akasoma, jua likimwakia kichwani. Digrii sifuri, sifuri. Digrii kumi, sifuri. Digrii ishirini, sifuri. Watoto walianza kuitikia kila mstari kama wako darasani. Alipofika mstari wa kumi na saba, wa kwanza wa ile mitano, alikunja uso, akauliza kama ni lazima aendelee.

Celina akamwambia aanze tena kutoka juu.