Miguu na Meno ya Mbuzi

Sumaia, binti wa Saquina wa kijiji cha Quionga, yuko chuo kikuu kule kusini anasomea dizaini. Ukiwauliza jirani zake, watakwambia anasomea kuchora. Mwenyewe ameshachoka kueleza, maana kila akimaliza mtu humwomba amchoree gauni la harusi.

Safari hii alirudi nyumbani na kazi ya kumalizia masomo, na aliichagua kwa sababu ya magoti ya mama yake. Tangu yaanze kuuma, Saquina hawezi kujikunja kwenye mbuzi akakuna nazi. Mabinti wa jirani humkunia, naye hukaa mkekani akisubiri kuletewa. "Nimekuwa mgeni jikoni kwangu," alimwambia bintiye kwenye simu, na maneno hayo hayakumtoka Sumaia masikioni. Alitaka mama yake akune tena kwa mkono wake kabla likizo haijaisha.

Alikuwa ameshabuni mbuzi moja ndefu, ya kukunia mtu akiwa kitini. Ilitikisika kama jino bovu. Profesora wake akaitazama, akasema, "Umechora kabla hujawaangalia wakunaji. Nenda kawaangalie."

Basi Sumaia akatuma sauti kwa simu kwenye grupo la kijiji: "Wote wenye mbuzi, za zamani na mpya, kesho asubuhi mje nazo uani kwetu. Nataka kuziangalia miguu na meno."

Asubuhi ua ukajaa. Ukajaa mbuzi kweli: weusi, wa madoa, wenye pembe na wasio nazo, wanalia mee kila upande. Mmoja alishaanza kutafuna michoro.

"Mpwa wangu, anza na huyu," alisema Chamsudine, seremala wa jirani, akivuta kamba. "Anachechemea, na meno nayo hayaeleweki."

"Mjomba! Si mbuzi huyu, ni mbuzi hii! Ya nazi!"

Saquina akaanza kucheka, akajifunika kanga usoni, mabega yakawa yanaruka. Ua mzima ukafuata.

"Sisi tukajua umeleta sindano za mifugo," alisema Chamsudine. "Sasa mbuzi ya nazi nayo mtu anaiendea universidade?"

Hilo ndilo swali Sumaia alilokuwa akiliogopa. Akajibu, "Mjomba, tunamsoma mtu kwanza, kitu baadaye. Mwenzangu Valter anasomea mifupa, yeye ananifundisha goti. Mbao nitakuuliza wewe. Kukuna nitawauliza kina mama. Mimi kazi yangu ni kuyakutanisha yote hayo."

"Aa, kumbe wewe ni mshenga!" akasema Chamsudine, na kicheko kikaanza upya.

Wanaume wakaondoka na mifugo yao, wanawake wakarudi na mbuzi zao za mbao. Wakakuna, kwaru kwaru, wakitaniana nani ana mkono mzito. Sumaia akaacha kuangalia mikono, akaangalia walipokalia. Hapo ndipo alipoona: mkunaji akikaa, uzito wake ndio unaoutuliza ubao. Ile mbuzi yake ndefu hakuna aliyeikalia, ndiyo maana ilicheza.

Akampigia Valter kwa video, akamwonyesha. "Mkalishe mama juu ya ubao wenyewe, lakini ubao uwe juu ya kiti," alisema Valter. "Goti lisipinde kupita pembe ya meza."

Alasiri Chamsudine alikuja na msumeno. Walikata ubao wa kulala juu ya kiti, mtu aukalie, na mbele ukatoa shingo yenye meno juu ya beseni lililowekwa kwenye kigoda.

Saquina aliuzunguka mara mbili. "Nikianguka, mtacheka."

"Tutacheka sana, dada," alisema Chamsudine.

Akakaa. Akashika kizio cha nazi, akakisukuma kwa woga, kisha kwa nguvu. Ubao haukutikisika. Unga mweupe ukadondoka, akauonja kwa ncha ya ulimi. Akamaliza kizio, akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Lete kingine."

Sumaia akasogea na futi kupima goti.

"Toka hapo, unanizibia mwanga."

Wali ulipoiva, Sumaia akasema kwa upole kwamba mbuzi hiyo itabidi aende nayo chuoni, profesora akaione.

"Hiyo?" Saquina aliweka mkono juu ya ubao. "Hiyo haiendi popote. Mwambie profesora wako aje huku, wali tutampa."

Sumaia akamgeukia Chamsudine. Naye tayari alikuwa anatafuta penseli ya kutia alama ubao mwingine.