Kidole Kilicholima Sana

Juzi, kwa wakala wa mbolea ya ruzuku pale Majengo, mama mmoja wa Maposeni aliweka kidole kwenye mashine ya kuhakiki wakulima. Ikakataa. Akakifuta kwa khanga, akakipitisha kwenye paji la uso kipate mafuta. Ikakataa tena.

"Mama, alama za kidole zimefutika," muuzaji akasema.

"Jembe limezila, mwanangu."

"Basi pumzisha mkono wiki mbili hivi, zitarudi."

"Mvua ndiyo hii imeanza! Nikipumzisha mkono, mbolea yako nitaiweka wapi, kwenye ugali?"

Foleni nzima ikacheka. Nyuma yake bwana mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri akagusisha kidole chake laini, na mashine ikamkubali papo hapo.

"Mkulima huyo!" mtu akapaza sauti.

Mama akaondoka mikono mitupu, mahindi yake yakingoja mbolea. Mimi ruzuku siipingi, bei imepungua kweli. Ila nina hakika walioichagua mashine ile waliijaribu kwanza kwa vidole vyao wenyewe, huko ofisini, ikafanya kazi vizuri sana.