Kidole Kilichoonja Dawa ya Kuku

Mtaa mzima ulimwita Mama Mayai, na kidole chake cha shahada kilijulikana kuliko sura yake. Kilikuwa nusu ya maneno yake. Alikitumia kuita, kufukuza, kubishana, na zaidi ya yote kumgombeza mumewe, Fundi, mchomeleaji wa mageti, mtu mpole mwenye suruali iliyotobolewa na cheche. Asubuhi kidole kilimwambia avue viatu vya karakana asiingie navyo ndani. Mchana kilimwambia anawe. Jioni kilimwambia kwamba hakuvua wala hakunawa. Naye Fundi aliitikia, "Sawa, mke wangu," akaendelea na lake.

Sasa, nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la kuku wa mayai, na huko kidole kilikuwa na kazi nyingine. Kila kulipokucha Mama Mayai alimimina unga wa njano wa dawa kwenye ndoo ya maji ya kuku, akakoroga kwa mwiko, akachovya kidole, akakilamba. Uchungu ukifika pale anapoutaka, huitikia kwa kichwa: imekolea. Je, kuku walikuwa wanaumwa? Hata! Wazima wa afya.

"Ndiyo maana ni wazima," angekujibu. "Mpaka waumwe ndiyo niwape?"

Hebu mbishie mtu kama huyo.

Basi siku moja akiokota mayai, kuku mmoja aliyegoma kutoka kwenye kiota akamdonoa kidole kile kile. Akamtukana kidogo, akasuuza damu bombani, akaendelea na kazi. Kidole kikavimba, kikang'aa kama biringanya. Zahanati wakampa vidonge, akavimeza vyote, kidole kikazidi. Wakambadilishia, kikazidi tena, na homa juu. Ndipo Fundi alipofunga karakana na kumpeleka hospitali kubwa.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alichukua usaha, akaupeleka maabara, na majibu yalipotoka akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mama yangu, vijidudu vilivyomo humu ni sugu. Dawa ulizokunywa vimeziangalia tu. Maabara wanajaribu nyingine. Tukikosa inayoviua, itabidi tukikate kidole kabla mkono wote haujaharibika."

Mama Mayai akakificha kidole chini ya shuka. Fundi hakuwahi kumwona hivyo tangu waoane. Akatoka nje, akafuta macho kwa mkono wa shati, akarudi akijikaza.

"Kikikatwa nitagombezwa na nini?"

"Nitatumia cha kushoto."

"Cha kushoto hakinijui."

Mama Mayai akacheka huku machozi yanamtoka.

Kesho yake daktari akaja anatabasamu. Imebaki dawa moja ambayo vijidudu vile bado vinaiogopa, ila ni ya kuchomwa kwenye mshipa, kwa hiyo alazwe. Akiwa anatundika chupa ya dawa akauliza, "Unafanya kazi gani, mama?" Mama Mayai akaeleza kwa majivuno: kuku, ndoo, unga wa njano, na jinsi anavyouonja.

Daktari akaacha kuunganisha mpira wa dripu. "Unawapa hata wasipoumwa?"

"Kidogo tu, mwanangu. Ila sikosi hata siku moja."

"Tatizo ndilo hilo. Kidogo kidogo, kila siku. Vijidudu dhaifu vinakufa, vinabaki vile ambavyo dawa haiviwezi, navyo vinazaana. Kutoka kwa kuku vinahamia kwako, kwa jirani, kwa anayekula. Siku mtu anaumwa kweli, dawa ile ile haimsaidii."

Mama Mayai akamtazama mumewe, aliyekuwa anasinzia pale kwenye benchi.

"Kumbe ndivyo nilivyomharibu huyu."

"Nani, mama?"

"Huyu mume wangu. Namgombeza kidogo kidogo kila siku, hata asipokosa. Sasa hivi hata nipige kelele dari ling'oke, haimwingii."

"Sawa, mke wangu," akasema Fundi kwa mazoea, macho yamefumba. Muuguzi akalazimika kuweka sinia chini ili acheke vizuri.

Alipokuwa amelazwa, banda likawa mikononi mwa Fundi na bwana mifugo, na unga wa njano ukasimamishwa. Mama Mayai alipiga simu kila wakati.

"Wamekufa wangapi?"

"Hakuna."

"Usinifiche, baba!"

"Mmoja alipotea."

"Unaona!"

"Nimemkuta juu ya paa la karakana."

Dawa ikafanya kazi. Kidole kikanywea, kikapona, kimepinda kidogo nchani lakini ni kizima. Aliporudi nyumbani alikuta madirisha ya banda yamepanuliwa, maranda chini ni mapya na makavu, kuku wamechanjwa, na mlangoni kuna sinia pana la chuma lenye maji ya kuua vijidudu, la kukanyaga kabla ya kuingia. Fundi alilichomelea mwenyewe, akalipamba pembeni kwa maua kama geti la tajiri. Tangu hapo kuku hapewi dawa mpaka bwana mifugo aone ugonjwa wenyewe, na mayai ya kipindi cha dawa hayaliwi wala hayauzwi.

Lakini nyumba ilikuwa kimya mno. Fundi akaingiwa na wasiwasi.

"Mke wangu, unaumwa?"

"Siumwi. Naitunza dawa."

Hakuelewa mpaka siku ile alipokuwa anaelekea bandani, simu sikioni, viatu vya karakana miguuni, anaruka sinia lake mwenyewe. Mama Mayai akasimama. Akainua kidole kile kilichopinda.

Fundi akaganda kama aliyeshikwa na umeme. Akakata simu, akarudi nyuma, akavua viatu, akanawa, akavaa buti za bandani, akakanyaga kwenye sinia. Halafu, kwa hofu, akakanyaga tena.

Mama Mayai akapiga kigelegele mpaka kuku wakarukaruka.

"Dawa inafanya kazi!" akapaza sauti, anakibusu kidole chake. "Jamani, bado inafanya kazi!"